Mara Tatu Ngomeni

Mwakirunge haina sifa ya nyota. Ukimtajia mtu wa Mombasa jina hilo, mawazo yake huenda moja kwa moja jaani: malori ya taka, moshi usiokwisha, na watu walioinama kuokota vyuma na plastiki. Lakini usiku, ukiliacha jaa upande upepo unakoelekea na kuingia mashambani, kwenye minazi na miembe, kuna giza ambalo Nyali na Bamburi zimelisahau zamani. Mwezi wa Julai, kusi inapovuma na mawingu yakachanika kidogo, toka nje saa tatu na nusu za usiku, ugeukie kaskazini, upande wa Mtwapa. Nusu ya njia kutoka upeo wa macho hadi utosini pana kipande cha mbingu kisicho na lolote la kukuvutia. Hapo ndipo ilipo Markarian 501.

Macho matupu hayaioni. Ni galaksi iliyo mbali nasi miaka ya nuru milioni 450 na ushei, na jina imelipata kwa Benjamin Markarian, mwanafalaki wa Armenia aliyeorodhesha galaksi zenye mwanga usio wa kawaida. Katikati yake pana shimo jeusi, na karibu na shimo hilo huchomoka mkondo mwembamba wa chembe unaokimbia kwa kasi iliyokaribia ya nuru. Wataalamu huuita jeti. Mimi nitauita mfoko, maana ndivyo yanavyofanya maji bomba kubwa linapopasuka kando ya barabara: yanatoka kwa tundu moja, kwa nguvu, na kufika mbali kuliko ulivyodhani. Mfoko wa Markarian 501 umetuelekea sisi karibu uso kwa uso.

Hadithi ya galaksi hii imepita Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, mara tatu. Mara ya kwanza ilikuwa miaka ya 1970, ya pili 1997, ya tatu 2022. Kati ya mara ya kwanza na ya tatu lilijibiwa, kwa kiasi kikubwa, swali lililowatesa wanafalaki kwa muda mrefu: chembe za mfoko zinaipata wapi nguvu ya kutoa eksirei?

Tuanze mbali kidogo. Mwaka 1918, Heber Curtis wa kituo cha Lick huko California alikuwa akipiga picha za mawingu ya nuru angani, wakati ambapo watu walikuwa bado wanabishana kama mawingu hayo ni galaksi au la. Katika picha ya M87, iliyo kwenye kundi la Sumbula, aliona mstari ulionyooka unaotoka katikati. Akauandika katika maelezo yake, akaendelea na kazi. Hakuwa na la kuulinganisha nao.

Maelezo hayakutoka angani bali kiwandani. Mwaka 1947, katika maabara ya kampuni ya General Electric huko Schenectady, New York, mafundi waliokuwa wakizungusha elektroni ndani ya mashine waliona doa la mwanga mkali likitoka penye mzunguko. Mashine iliitwa sinkrotroni, na mwanga ule ukarithi jina. Elektroni inapopita kwenye uga wa sumaku haiendi moja kwa moja. Hupindishwa, ikawa inazungukazunguka, na kila inapopindishwa humwaga nuru mbele yake, kama gurudumu la baiskeli isiyo na madigadi linavyorusha tope. Kadiri elektroni ilivyo na nguvu, na uga ulivyo mkali, ndivyo nuru hiyo inavyopanda daraja: kutoka mawimbi ya redio, hadi mwanga wa kuonekana, hadi eksirei. Mwanafalaki wa Kisovieti Iosif Shklovsky alikisia kwamba mstari wa Curtis ni nuru ya namna hiyo. Mwaka 1956 Walter Baade alipima nuru ya M87 akakuta mitetemo yake imeelemea upande mmoja, na hiyo ni alama ya sinkrotroni isiyofichika. Mwaka huohuo Geoffrey Burbidge akapiga hesabu ya nishati inayohitajika. Ilikuwa kubwa kiasi cha kutisha.

Basi kama mwanga wa kawaida unahitaji elektroni kali, eksirei zinahitaji kali zaidi, na ndizo za kufuatwa ili kujua chembe hupataje nguvu. Tatizo ni angahewa. Eksirei za mbinguni haziifikii ardhi, na tushukuru, maana tusingekuwapo. Anayezitaka sharti apande juu. Tarehe 18 Juni 1962, Riccardo Giacconi, Mwitaliano mzaliwa wa Genoa aliyehamia Marekani, pamoja na wenzake, walirusha roketi ndogo kutoka White Sands, New Mexico. Walisema wanatafuta eksirei za mwezi. Kwa dakika chache roketi ilipokuwa juu ya hewa walipata kitu kingine, chanzo kikali upande wa Nge, nje kabisa ya jua na sayari zake. Dakika chache hazitoshi kuchora ramani ya mbingu. Giacconi akataka satelaiti.

Hapa ndipo Pwani yetu inapoingia.

Luigi Broglio alikuwa profesa wa Roma na afisa wa Jeshi la Anga la Italia. Alitaka nchi yake iwe na pa kurushia roketi, naye alijua faida ya ikweta. Dunia inavyozunguka, sehemu za ikweta ndizo zinazokimbia kuliko zote, karibu kilomita 1,670 kwa saa, hivyo roketi inayoelekezwa mashariki huanza safari ikiwa tayari imesukumwa bure. Pia satelaiti inayozunguka juu ya ikweta hukwepa sehemu kubwa ya ule mkusanyiko wa mionzi uliopo juu ya Atlantiki ya Kusini, ambao huvijaza vifaa vya eksirei kelele. Ghuba ya Ungwana, mbele ya Ngomeni, ilikuwa na yote: karibu nyuzi tatu kusini ya ikweta, maji ya kina kifupi, na bahari tupu upande wa mashariki, hivyo kipande kikianguka hakimwangukii mtu. Waitaliano wakasimamisha majukwaa ya chuma yenye miguu iliyozama kwenye mchanga, Santa Rita la kuongozea na San Marco la kurushia. Machi 1964, Kenya ikiwa na miezi mitatu tangu kujitawala, roketi ndogo za majaribio ziliruka kutoka Santa Rita. Tarehe 26 Aprili 1967 San Marco ilipeleka satelaiti yake ya kwanza.

Ya pili ndiyo yetu. Satelaiti ya Giacconi ilikuwa na uzito wa kilo 140 na kidogo, na kwenye makaratasi ya NASA iliitwa SAS-1. Kazi yote ilisimamiwa na Marjorie Townsend, mwanamke wa kwanza kusimamia urushaji wa satelaiti katika NASA. Siku iliyotimia ikawa Jamhuri Dei, tarehe 12 Desemba 1970. Nairobi watu walikuwa wanaadhimisha mwaka wa saba wa kujitawala, gwaride, hotuba na ngoma. Ngomeni, baada ya saa saba mchana, roketi ya Scout iliondoka baharini ikaelekea mashariki. Kwa heshima ya siku ile na ya nchi iliyowapokea, Townsend na wenzake waliiita Uhuru. Ilikuwa satelaiti ya kwanza duniani kuundwa kwa kazi ya eksirei peke yake, ikapata jina la Kiswahili.

Mtu asidhani ilikuwa na darubini. Uhuru ilikuwa na masanduku mawili ya vihesabio, moja limempa mgongo mwenzake, na mbele yake vichungi vilivyoruhusu miale ya upande mmoja tu kupita. Ilijizungusha polepole, mara moja kwa dakika 12 hivi, na kila chanzo kilipopita mbele ya sanduku hesabu ilipanda kisha ikashuka. Ni kama mtu aliyefungwa macho anayegeukageuka sokoni Kongowea akisikiliza: atakwambia muuza samaki yuko upande gani na sauti yake ina nguvu kiasi gani, lakini sura hajui. Kwa namna hiyo ilifanya kazi hadi Machi 1973. Ilitoa ushahidi uliowafanya watu waanze kuamini kwamba mashimo meusi yapo kweli, kupitia chanzo kiitwacho Cygnus X-1. Iligundua kwamba makundi ya galaksi yamejaa gesi ya moto usioelezeka. Ilizinasa M87, Centaurus A na 3C 273, zote zikiwa na mifoko, ila kwa upofu wake haikuweza kutenganisha eksirei za mfoko na za gesi inayouzunguka.

Orodha ya nne na ya mwisho ilichapishwa mwaka 1978 ikiwa na vyanzo 339. Kila kimoja kina namba inayotanguliwa na 4U, yaani Uhuru ya nne. Mojawapo ni 4U 1651+39, tarakimu zinazoonyesha mahali pake mbinguni. Walipochunguza ni nini kilicho pale, wakaikuta Markarian 501.

Namba, basi. Chanzo kinajulikana kipo, kinachokiwasha hakijulikani.

Lilikuwapo wazo la zamani. Mwaka 1949 Enrico Fermi, Mwitaliano mwingine aliyekimbilia Marekani, aliandika kwamba chembe zinaweza kupata nguvu kwa kugongagonga mawingu ya sumaku yanayotembea angani. Nilijaribu kumweleza mpwa wangu jambo hili siku moja tukiwa tumesimama kando ya barabara ya Mwakirunge, lori la taka likija na yeye ana mpira wake wa karatasi za nailoni. Nikamwambia: ukiupiga mpira kwenye lori lililosimama, utarudi na kasi uliyoupa. Ukiupiga kwenye lori linalokuja, utarudi na kasi zaidi, kwa sababu lori limeuongezea yake. Sasa fikiria malori mawili yanakuja kukutana, na mpira umekwama katikati. Unagonga hili, unarudi kugonga lile, na kila kipigo unaongezewa.

Akafikiri. "Mjomba, sasa huo mpira hauchoki?"

Swali la mtoto ndilo lilelile la wanafalaki, na nitalirudia. Kwanza malori. Wazo la Fermi la mwanzo lilikuwa la polepole, kwa kuwa mawingu yake yalikwenda ovyo: mengine yanakuja, mengine yanaondoka, na chembe hupata hapa ikapoteza pale. Kati ya 1977 na 1978, Germogen Krymsky wa Urusi, Ian Axford na wenzake wawili, Tony Bell wa Uingereza, na Roger Blandford pamoja na Jeremiah Ostriker, kila upande kwa kazi yake, waligundua penye malori yanayokuja siku zote. Ni kwenye wimbi la kishindo, pale mkondo wenye kasi unapokumbana na ulio mzito ukakatika ghafla. Chembe ikiwa mbele ya wimbi huona vitu vya nyuma vikiijia. Ikivuka kwenda nyuma, huona vya mbele vikiijia. Kila ikivuka inaongezewa kidogo. Nyingi hutoroka mapema, chache hubaki na kuvuka mara nyingi mno, na hizo chache ndizo zinazopata nguvu za kustaajabisha. Hesabu hii ina uzuri wake, kwa sababu haidai muujiza wowote, inadai subira tu.

Sasa uchovu. Elektroni inayotoa eksirei ni mbadhirifu. Inamwaga nishati kwa kasi, na iliyo kali zaidi ndiyo inayofilisika mapema. Katika mfoko wa M87, elektroni za eksirei zinahitaji nguvu inayopita ya chembe za mashine kubwa ya kukimbizia chembe iliyoko Geneva, na kwa uga wa sumaku uliopo kule huishi miaka michache au makumi tu kabla ya kufifia. Mfoko wenyewe una urefu wa miaka ya nuru elfu kadhaa. Piga hesabu mwenyewe: hata ikikimbia kwa kasi ya nuru, elektroni iliyotoka shimoni itakufa njiani mapema sana. Kwa hiyo ukiona eksirei katikati ya mfoko au kwenye ncha yake, elektroni zile zimepewa nguvu palepale, kilomita matrilioni kwa matrilioni kutoka kwenye shimo.

Na zilionekana. Satelaiti ya Einstein, iliyorushwa Novemba 1978, ilikuwa na darubini ya kweli ya eksirei, kazi ya Giacconi tena, na ikaiona mifoko ya Centaurus A na M87 ikiwaka kwa vipandevipande kama taa za barabarani. Ikafuata Chandra mwaka 1999. Kitu cha kwanza walichoielekezea ili kuirekebisha macho kilikuwa PKS 0637-752, waliyoichagua kwa kuidhania nukta tupu. Nukta ikawa na mkia wa zaidi ya miaka ya nuru laki mbili, unaong'aa eksirei. Giacconi alipewa Nobeli mwaka 2002. Mkia ule ulileta mabishano makali, maana wengine walisema elektroni zake ni za wastani tu, zinaigonga nuru iliyobaki tangu mwanzo wa ulimwengu na kuipandisha daraja iwe eksirei. Kama ni hivyo pangetoka na miale ya gama. Walipoitafuta kwa 3C 273 na baadaye kwa PKS yenyewe, haikuwapo kwa kiasi kilichotakiwa. Mwaka 2020 darubini za H.E.S.S. kule Namibia zikaonyesha kwamba miale mikali ya gama ya Centaurus A inatoka kwenye urefu wa mfoko, si shimoni peke yake. Elektroni kali mno, tena mbali na nyumbani.

Turudi kaskazini mwa Malindi. San Marco ilirusha satelaiti tisa, tatu kati yake zikiwa za eksirei: Uhuru, Ariel 5 ya Waingereza mwaka 1974 na SAS-3 mwaka 1975. Ya mwisho iliondoka tarehe 25 Machi 1988. Majukwaa yakabaki yakiliwa na kutu, wengi wakadhani mambo yamekwisha. Ufukweni, hata hivyo, visahani vikubwa vya mawasiliano viliendelea kusikiliza. Satelaiti ya Italia na Uholanzi, BeppoSAX, iliyorushwa Florida mwaka 1996, ilizunguka juu ya ikweta na kumwaga takwimu zake kwenye kituo hicho cha Ngomeni, kiitwacho Malindi, kila ilipopita. Aprili 1997 Markarian 501 ililipuka. BeppoSAX iliitazama tarehe 7, 11 na 16 za mwezi huo, na kilele cha nishati ya eksirei zake kikakutwa kimehamia juu mara mia moja au zaidi kuliko ilivyozoeleka. Huko ndani kuna kitu kilichokuwa kikizipa elektroni nguvu kwa haraka ya ajabu, kisha kikapoa. Habari hiyo, kabla ya kufika Roma, ilishukia Ngomeni.

Lakini wimbi la kishindo lingethibitishwaje? Mng'ao peke yake hautoshi. Inabidi kujua mitetemo ya eksirei imeelekea wapi, jambo lile Baade alilolifanya kwa mwanga wa kawaida, na kwa eksirei za mifoko lilisubiri miongo sita. Tarehe 9 Desemba 2021 Marekani na Italia zilirusha IXPE, yenye vipimo vilivyotengenezwa Italia kwa kazi hiyo. Inazunguka juu ya ikweta, kilomita 600 kwenda juu, na kituo chake kikuu cha kupokea habari ni Malindi. Machi 2022 iliitazama Markarian 501 mara mbili.

Matokeo yalitoka katika jarida la Nature mwezi Novemba. Mpangilio wa mitetemo katika eksirei ulikuwa asilimia 10 hivi, karibu mara mbili ya ule wa mwanga wa kawaida, na ulielekea sambamba na mfoko. Maana yake tuione kwa watu wanaotoka msikitini Ijumaa. Mlangoni wamejipanga, wote wanatazama upande mmoja. Wakifika barabarani, huyu kaelekea stendi, yule dukani, wengine wamesimama wanazungumza. Elektroni za eksirei ni zile za mlangoni: zinakufa upesi, hivyo huonekana karibu tu na pale zinapopewa nguvu, penye uga wa sumaku uliopangika. Za mwanga wa kawaida huishi zaidi, zikafika barabarani kwenye vurugu. Na uelekeo ule sambamba unasema uga umelala kukingama mfoko, kama unavyotakiwa kulala ukibanwa na wimbi la kishindo. Malori ya Fermi, baada ya miaka 73.

Nisizidishe chumvi. Jibu hili ni la Markarian 501 na za aina yake, karibu na shimo. Mikia mirefu kama ya PKS 0637-752 bado ina wabishi wake, nao wana hoja.

Ninacholalamikia ni kingine, na lawama naanza na nafsi yangu. Nimeishi Pwani umri wangu wote nikijua San Marco ni "pale kwa Waitaliano", basi. Darasani nilijifunza gwaride la Jamhuri Dei, sikuambiwa kwamba siku hiyo mwaka 1970 mlango wa elimu nzima ulifunguliwa kilomita mia na hamsini hivi kutoka nyumbani. Tumeikodisha pwani yetu kwa bei ya pwani, wakati lililopita juu yake lilikuwa na thamani ya ulimwengu. Mkataba mpya na Italia ulitiwa saini mwaka 2016, Shirika la Anga la Kenya likaundwa mwaka uliofuata, na vijana wetu wanaanza kuingia. Ni mwanzo wa haki, umechelewa.

Ukiwa na siku ya nafasi, panda gari la Malindi, uendelee mbele hadi Gongoni, ukate kulia kwenda Ngomeni. Ukifika ufukweni tazama baharini: majukwaa bado yamesimama. Nenda na mtoto.